Ugonjwa wa Cherehani ya Baba

Juzi mtu mmoja kutoka Masumbwe aliniletea cherehani nyeusi ya zamani, ameifunga kwa khanga nyuma ya pikipiki kama mgonjwa anayewahishwa zahanati. Akaiteremsha kibarazani kwangu hapa Ngokolo, akafungua fundo, na kabla sijaitazama vizuri harufu yake ikawa imeshanifikia: mafuta yaliyolala ndani ya chuma miaka na miaka, vumbi la pamba, kutu kidogo. Wenzangu wakinusa maandazi wanamkumbuka bibi. Mimi nikinusa chuma kilichokosa huduma namkumbuka baba.

"Inapindisha mshono, fundi," yule bwana akasema. "Nimeambiwa wewe ndiye daktari wao."

Nikamwambia aiache, aende kwa mama ntilie pale ng'ambo akanywe chai, arudi baadaye. Akaenda. Nami badala ya kuchukua bisibisi nikakaa nikiitazama tu, mikono mapajani, kama mkwe aliyefika mapema.

Niwaambie ukweli ninyi wa rika langu, ambao magoti yameanza kulia kila mkiinuka: sijawahi kuwa mtu wa kwenda mahali. Ndugu zangu wamefika Mwanza, wamefika Dar, mmoja alifika mpaka Uchina kufuata simu. Safari yangu mimi ndefu ni ya kutoka kitandani hadi kibarazani, na nikifika natafuta pa kuketi. Kidato cha nne nilimaliza, ila kwa alama ambazo kwa heshima ya walimu wangu sitazitaja. Kitu pekee ninachokijua duniani ni cherehani za zamani, zile nyeusi zenye kiuno cha nyigu na maua ya rangi ya dhahabu mgongoni. Nipe namba iliyopigwa kwenye chuma chake nitakwambia ni ya enzi gani. Nizungushie gurudumu lake nimefumba macho nitakwambia imekauka wapi. Watu wanasema nina kipaji. Sina kipaji chochote. Nilifundishwa na mtu aliyekuwa akiitengeneza cherehani isiyoumwa.

Baba alikuwa fundi wa suti. Kufupisha suruali na kubadilisha zipu alikuwa akifanya, lakini kwa uso wa mpishi wa harusi aliyeombwa achemshe yai. Mama alikuwa akisema kwamba walipokuwa wachumba, baba aliwahi kutunga uzi kwenye sindano akiwa amekaa nyuma ya baiskeli, barabara ya vumbi, wakienda kanisani, ili tu kumwonyesha. Mama hakuwa mtu wa kusifia, kwa hiyo naamini.

Kisha ikaja habari ya Rwamgasa. Watu walikuwa wakienda kule kuchimba dhahabu na kurudi na redio, magodoro, na meno mapya. Baba hakwenda kuchimba. Alisema akili yake imemtosha kujua kwamba shimo ni la kumzika mtu, siyo la kumlea. Alikwenda na cherehani yake, kwa sababu alisikia kwamba wachimbaji wanachana suruali kuliko mbuzi wanavyokula matambara, na kule kote hakuna fundi. Akapata kibanda cha mabati, akaweka cherehani mlangoni na kitanda nyuma yake, na kila kiangazi akawa huko.

Sasa sikilizeni jinsi mkono mzuri unavyoweza kumponza mtu. Kule, mawe yakishasagwa kwenye karasha na mchanga wake kuoshwa, wanamwagia zebaki, yale maji ya fedha yanayokimbia ukiyagusa. Zebaki inayakusanya mavumbi ya dhahabu yote. Halafu unaikamua kwenye kitambaa, inatoka, linabaki donge dogo jeupe. Donge unalichoma: moshi unakwenda zake, dhahabu inabaki. Kitambaa kikiwa chepesi, mali inapita. Baba akaanza kuwashonea vitambaa vya kukamulia, vya pamba nzito, pembe zimekunjwa mara mbili. Kutoka kushona vitambaa wakamwomba awakamulie, maana mkono wa fundi haumwagi. Kutoka kukamua wakamwomba achome. Naye akawa anachoma mle mle kibandani, mlango umefungwa kwa sababu ya upepo na macho ya watu, kwenye jiko lile lile alilopikia ugali.

Haya yote alinisimulia mwenyewe, kama hadithi ya sungura. Nami nilikwenda nayo shuleni, nikawaringia wenzangu kwamba baba yangu anaipika dhahabu kwenye kijiko.

Kiangazi kimoja alirudi mapema, kabla hata watu hawajaanza kukaanga karanga mpya. Nilikuwa darasa la tatu. Alishuka kwenye gari na cherehani yake na begi moja, amekonda, na jambo la kwanza aliloniomba, kabla ya maji ya kunawa, lilikuwa hili:

"Mayu, hebu nitungie uzi kwenye hii sindano."

Ndivyo alivyoniita, mayu, mama, kama Wasukuma wanavyowaita binti zao wakiwa na mapenzi nao au wakitaka kuwatuma.

"Mimi baba?"

"Wewe. Una macho ya mwewe."

"Na macho yako?"

"Yangu yametazama dhahabu sana, yameshiba."

Nikatunga. Mara moja tu, uzi ukapita. Akanipigia makofi. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yangu, asubuhi kabla ya shule na mchana nikirudi, nami nilijiona mtu mkubwa mwenye cheo. Mikono yake niliiona, sisemi sikuiona. Ilikuwa na mtetemeko mdogo, kama maji ya ndooni lori likipita barabarani. Nilidhani ni baridi ya Rwamgasa ambayo haijamtoka. Mtoto akishajipa jibu hatafuti jingine.

Kulikuwa na mambo mengine nayo niliyatafsiri kwa akili zangu. Mama alikuwa akimmiminia chai nusu kikombe. Nilimwona mama mchoyo. Basi akigeuka tu, mimi mtoto mwenye huruma najaza kikombe mpaka juu, namkabidhi baba kwa mikono miwili, na chai inamwagikia miguuni. Baba hakunigombeza hata siku moja. Alikuwa anasema tu, "Wabeja, mayu," asante, huku anafuta magoti.

Halafu akaanza kujificha. Baba, ambaye zamani alikuwa akimwita mpita njia amshauri juu ya kola yake! Akaning'iniza pazia kati ya cherehani na mlango. Akisikia hodi anahamia chumbani. Mimi nilijua ni mchezo wa kujificha na nikaucheza kwa bidii.

"Mwambie sipo," alininong'oneza siku moja.

Nikatoka mbio mpaka mlangoni. "Shikamoo. Baba amesema hayupo!"

Yule mteja alicheka mpaka akashika ukuta. Baba akalazimika kutoka, naye akacheka, mikono ameificha kwapani. Niliona nimefanya jambo la maana. Tayari nilikuwa na mdomo huo, naomba mkumbuke.

Suruali ya kwanza ilirudishwa wiki hiyo hiyo. Mshono wa mguuni ulikuwa unakwenda kama njia ya ng'ombe waendao lamboni kunywa maji, mara huku mara kule, hauna haraka. Baba aliishika ile suruali, akaigeuza, akaitazama muda mrefu.

"Cherehani inaumwa," akasema.

Akafungua sanduku la bisibisi, na hapo ndipo shule yangu ya kweli ilipoanza.

Tulitandika gunia uani. Tulitoa kila kitu kinachotoka: kile kiguu kinachobana kitambaa, bamba la chini, yale meno yanayosukuma nguo, bobini ndefu kama risasi na kijumba chake kinachokwenda mbele na nyuma kama mtumbwi. Skrubu baba alizipanga kwenye kifuniko cha sufuria kwa kufuata zilivyotoka, na alinionya kwamba skrubu ya cherehani ikipotea imekwenda mbinguni, hairudi. Vyuma tulivilowesha kwenye mafuta ya taa. Mimi nilikuwa na mswaki wa zamani wa kusugulia. Pamba iliyoganda kati ya meno niliichokoa kwa sindano. Mafuta tulitia kwa unyoya wa kuku, tone moja kila tundu. "Tone moja," baba alisema. "Cherehani siyo nyama choma." Maua ya dhahabu alinikataza kabisa kuyagusa kwa mafuta ya taa, yangefutika. Alinionyesha namba kwenye chuma chini ya mkono, herufi moja mbele na tarakimu nyuma, akaniambia hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa. Rangi mtu anaweza kupaka jana, namba haidanganyi.

Siku ya pili ya kuosha, nilipoinua bamba la chini, kitu kiling'aa. Kitone kidogo cha fedha, kama jicho la samaki, kilitoka kwenye pembe ya chuma, kikakimbia juu ya gunia, kikagawanyika viwili.

"Baba! Kuna kidudu!"

Akainama. Kisha akacheka kicheko cha puani.

"Zebaki," akasema. "Kumbe ulikuja nasi. Huyu ndiye mchawi wetu, mayu."

Nilifurahi jamani! Mchawi amepatikana. Nilikisukuma kwa jani mpaka shimoni, nikakifukia, nikakanyaga juu mara saba. Cherehani ilikuwa imelishwa sumu, tumeitapisha, imepona. Tulirudisha vyuma vyote, skrubu kwa skrubu. Baba akakaa, akakanyaga pedeli, nayo ikaimba vizuri kabisa. Akashona kipande cha shuka.

Njia ya ng'ombe.

Tukaifungua tena. Na tena. Katika majuma machache yale tuliifungua cherehani ile mpaka nikawa naweza kuitaja kwa kupapasa. Tulibadilisha mkanda wa ngozi. Tulibadilisha sindano. Tulilegeza mkazo wa uzi, tukaukaza. Mama alikuwa akipita na beseni lake la michembe, vile viazi vikavu, ya kwenda sokoni, anatutazama tumeinama kama wanaochambua mchele, anapita kimya. Siku moja hakupita.

"Baba Kabula, hiyo cherehani haina kitu."

"Ina kitu."

"Haina."

"Wewe unajua cherehani?"

"Nakujua wewe," mama akasema.

Baba akaweka bisibisi chini taratibu. "Yale majoho ya kwaya nimeshayakubali. Ishirini na manne. Yakinishinda hayo, Mama Kabula, narudi Rwamgasa. Kule hakuna anayekagua mshono."

"Kule ndiko ulikoutoa huo ugonjwa unaoutafuta kwenye chuma."

Maneno haya niliyasikia yote, mswaki mkononi, na kati ya yote nilichukua moja tu: majoho yakishindikana, baba anaondoka. Hilo nililielewa sawasawa. Jingine nikaliacha pale pale uani likauke na mafuta ya taa.

Kesho yake baba aliniambia nilete daftari langu la hesabu. Akachana karatasi ya katikati, yenye mistari, akaiweka chini ya sindano bila uzi. Ndivyo mafundi wa zamani walivyokuwa wakiipima cherehani: unaishonesha hewa juu ya karatasi, kisha unatazama safu ya matundu. Akashona kufuata mstari wa buluu. Matundu yalianza kwenye mstari, yakateremka, yakapanda, yakavuka mstari wa pili, yakarudi.

"Unaona? Inavuta upande," akasema. Kisha, sijui kwa nini, akanipisha kwenye kiti. "Hebu jaribu wewe. Mimi nikanyage."

Miguu yangu ilikuwa haifiki chini. Alivuta kigoda, akapiga magoti pembeni, akakanyaga pedeli kwa mkono. Mimi nikashika karatasi, ulimi nje, nikaifuata ile buluu mpaka mwisho wa ukurasa.

Akaichomoa karatasi, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Safu mbili za matundu, jua linapita ndani yake. Ya kwanza yake. Ya pili yangu, imenyooka kama mtu aliyekula kiapo. Cherehani moja, sindano moja, asubuhi moja.

Alikaa na ile karatasi mpaka nikaanza kuogopa kwamba nimeharibu kitu.

"Basi," akasema mwishowe, "inakupenda wewe."

Nimewahi kusifiwa mara chache maishani, na nyingi kati ya hizo ni za watu waliotaka niwahi kazi zao. Lakini sijawahi kuvimba kichwa kama siku ile. Cherehani ya baba, yenye maua ya dhahabu, imenichagua mimi! Nilitoka nje nikatembea huku na huku ili watu waone mtu aliyechaguliwa anafananaje.

Hivyo ndivyo majoho ishirini na manne yalivyoshonwa. Baba alikata vitambaa kwa kuweka rula ya chuma na mawe juu yake, mkasi ameushika kwa mikono miwili. Mimi nilikaa kwenye kiti juu ya mto, yeye nyuma yangu anakanyaga, kidevu chake juu ya kichwa changu ananiongoza: "Taratibu... kunja... hapo, geuza kwa sindano ikiwa chini... hapo hapo, mayu." Pazia limeshushwa. Miguu yake, mikono yangu. Tulikuwa fundi mmoja aliyetimia. Kitambaa chote kile cha zambarau kilitujaa mapajani, na shingo yake ilikuwa inanukia mafuta na sabuni ya kufulia, na mimi nilitamani kwaya ingekuwa na watu elfu.

Kola ya joho la kwanza tu ndiyo aliyoishona peke yake, mwanzoni kabisa. Ilipinda. Hakuifumua. Alisema kitambaa hakitoshi kurudia.

Jumamosi mchana kwaya walikuja kuchukua. Walikuwa akina mama sita, wakiongozwa na mwenyekiti wao, Mama Yunis, mwanamke mpana, mcheshi, ambaye sauti yake ilikuwa inaingia nyumbani kabla yake. Mama yangu alikuwa sokoni. Majoho yalikuwa yamening'inizwa kwenye kamba uani, yamepigwa pasi, yanacheza na upepo, na wale mama waliingia wakapiga vigelegele.

"Fundi!" Mama Yunis alishika pindo, akaligeuza, akalikagua. "Mtaani wanasema mkono wako umekwisha. Uongo mtupu! Mkono umerudi kuliko zamani!"

Baba alitabasamu, mikono kwapani. "Mungu ni mwema, mama."

Nami nilikuwa nimesimama pale, mtoto wa darasa la tatu, fahari imenijaa mpaka shingoni, naona sifa zangu zote zinapewa mtu mwingine.

"Siyo yeye!" nikasema. "Nimeshona mimi!"

Wakacheka. Hawakuamini, mtoto gani asiyejisifu.

"Ehee, fundi mpya huyo!" mmoja akasema. "Tukuletee na magauni?"

"Kweli nimeshona mimi! Baba cherehani haimpendi. Muulizeni!"

Mama Yunis, kwa utani wake, akanibeba akaniweka kwenye kiti cha cherehani. "Haya, tuonyeshe." Akachukua kipande cha zambarau kilichobaki. Nilimwita baba akanyage. Alikuja. Hakuwa na namna, angesema nini? Akapiga magoti pale, akakanyaga, nami nikawashonea wale mama mstari ulionyooka kutoka upande huu mpaka ule.

Kicheko kikapungua.

"Makubwa," Mama Yunis akasema polepole. Kisha, bado anatabasamu, nadhani alitaka kulipoza tu: "Haya, na wewe fundi mkubwa, shona chini yake. Tuone mwalimu na mwanafunzi."

Baba akakaa. Uzi ulikuwa umekatika. Nilinyoosha mkono nimtungie, akanizuia kwa kiwiko. Akaushika uzi yeye mwenyewe, akaulowesha kwa mate, akaupeleka kwenye sindano. Ukapita kulia. Akaupeleka tena, ukapita kushoto. Mara ya tatu mikono yote miwili ilikuwa inacheza, na uzi unacheza, na sindano peke yake ndiyo imetulia. Nakumbuka majoho yakipepea upeponi, na mmoja wa wale mama akiangalia viatu vyake.

Baba akauweka uzi juu ya meza.

"Mnisamehe," akasema. "Nilikunywa jana. Nimezidisha."

Baba yangu hakuwa ameonja pombe maishani mwake. Hata togwa alikuwa akiinusa kwanza. Nilimtazama nikajua anatania, nikangoja acheke ili nami nicheke. Hakucheka. Mama Yunis akasema, "Basi, basi, yamekwisha," wakayakunja majoho haraka haraka, wakaaga. Hawakukosa adabu hata kidogo. Ila habari ilifika mwisho wa Ngokolo kabla ya wao kufika kanisani: fundi amekuwa mlevi, anafundisha mtoto kushona ili yeye apate kunywa.

Leo ndipo naelewa alichokuwa anachagua pale kitini. Mlevi anaweza kuacha. Watu wanamwombea mlevi, wanamsubiri. Mwenye mikono ile hakuna wa kumsubiri.

Hakuna aliyeleta hata suruali ya kufupishwa baada ya hapo. Baba hakunigombeza. Alinifundisha jambo moja la mwisho, jinsi ya kuipaka cherehani mafuta na kuifunika inapokwenda kulala muda mrefu, kisha akasema anakwenda Rwamgasa kutafuta cherehani nyingine, changa, hii imezeeka. Mama alisimama mlangoni. Yote alikuwa ameshayasema. Mimi nilimwambia aniletee yenye maua mengi zaidi.

Kwenye duara, yaani shimo la wachimbaji, hawakumtaka; mtu asiyeweza kushika kamba humpeleki chini ya ardhi. Kazi iliyompokea ilikuwa ile ile, ya kijiko na jiko. Aliirudia kwa misimu kadhaa. Alikuja nyumbani mara ya mwisho nikiwa kidato cha pili, amevimba uso na miguu, figo zimechoka, hawezi kujilisha. Mama alimlisha uji kwa kijiko, nusu, kama ile chai. Hospitali waliuliza maswali mengi kuhusu kazi yake, na mmoja wao, kijana mpole, ndiye aliyetutajia zebaki, akatueleza inavyokwenda kukaa kwenye mishipa ya mtu. Nilikumbuka kile kitone nilichokikanyaga mara saba. Nilikuwa nimemfukia mchawi mmoja mdogo, na wengine wote wamebaki ndani ya baba.

Kwaya ilikuja kuzika. Walivaa zambarau, majoho yetu, yamepauka mabegani. Waliimba, na mimi, Mungu anisamehe, sikusikia neno hata moja. Nilikuwa natafuta kola iliyopinda. Niliipata. Alikuwa ameivaa Mama Yunis. Majoho ishirini na manne ya kuchagua, yeye mwenyekiti, miaka yote ile. Nyuma yangu wazee wawili walikuwa wakinong'ona kuhusu pombe na jinsi inavyomaliza watu wazuri. Nilikuwa na mdomo, mnakumbuka. Siku ile ndiyo siku ambayo ungefaa. Sikuufungua.

Basi. Yule bwana wa Masumbwe alirudi kutoka kwenye chai. Nilikuwa sijafungua hata skrubu moja. Nilizungusha gurudumu tu, nikasikiliza. Cherehani ile ilikuwa na kiu ya mafuta, basi. Ugonjwa haikuwa nao.

"Umeipata?" akauliza.

"Kaa," nikamwambia. "Shona nione."

Ninaweka daftari la mistari kibarazani. Wateja wangu wanadhani ni la mahesabu. Nikachana karatasi. Akakaa, akashona, na nilitazama matundu yakishuka, yakipanda, yakivuka mstari. Mikono yake sikuwa na haja ya kuitazama.

"Unaona?" akasema. "Inavuta upande."

Nikamwomba anipishe. Nilishona mstari wa pili chini ya wake, nikachomoa karatasi, nikampa. Aliinua kwenye mwanga. Mtu yeyote angeinua kwenye mwanga.

"Unafanya kazi gani, kaka, ukiacha kushona?"

"Nipo machimboni. Nawachomea watu."

"Nani anakutungia uzi nyumbani?"

Uso wake ukafunguka, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Binti yangu. Yuko darasa la nne. Ana macho huyo mtoto, fundi, sijapata kuona!"

Nilimweleza basi. Nilimwambia kuhusu moshi, na mishipa, na hospitali ya kwenda, na kwamba aache jiko lile wiki hii, siyo mwaka huu. Nilisema mengi, kwa sauti ambayo majirani walidhani nagombana na mteja. Alisikiliza akiikunja ile karatasi, ndogo, ndogo zaidi.

"Na yeye mwambie," nikasema. "Binti yako. Mwambie ni mikono, cherehani ni nzima."

Akatikisa kichwa. "Mtoto yule? Nikimwambia ataogopa, fundi."

"Mwache aogope," nikamwambia. "Mimi nilifurahi."